Launji ya Uwanja wa Ndege: Mwongozo Kamili kwa Anayesafiri Daraja la Biashara kwa Mara ya Kwanza

Mteja wangu mmoja, mama wa makamo kutoka Tanga, alinunuliwa na bintiye tiketi ya daraja la biashara aende Uingereza kumwona mjukuu. Mimi ndiye niliyemkatia tiketi ile. Aliporudi alipita ofisini kunishukuru, akaniletea na visheti kwenye kopo, tukakaa tukazungumza. Nikamuuliza launji aliionaje, maana alikuwa na saa sita za kusubiri katika uwanja mmoja wa Ghuba. Akaniambia, "Mlango niliuona, mwanangu. Wa kioo, na maua pembeni. Lakini nikaona si wa watu kama sisi, nikarudi nikakaa getini." Saa sita kwenye kiti cha chuma, miguu inamvimba, na mkononi ameshika bodingi pasi, ile karatasi ya kupandia ndege, inayompa haki ya kuingia, kula, kuoga, kuswali na kulala.

Nilikuwa nimemweleza habari za viza na mizigo. Launji sikumweleza, nikidhani ataelekezwa huko huko. Tangu siku hiyo kila ninayemkatia tiketi ya biashara namweka kitako robo saa nzima kwa jambo hili moja, na haya ndiyo ninayomwambia.

Launji ni yako, umeilipia

Launji ni sebule ya kusubiria ndege, iliyotengwa na ukumbi wa abiria wote. Ya kwanza inayojulikana ilifunguliwa na American Airlines mwaka 1939 katika uwanja wa LaGuardia, New York, na wakati huo walioingia ni wale waliopewa mwaliko tu. Hisia ya kwamba ni mahali pa wakubwa imetoka mbali, kwa hiyo mtu akisita mlangoni simshangai. Ila mambo yamebadilika. Leo, kwa abiria wa daraja la biashara, launji imo ndani ya nauli kama kilivyomo kiti na chakula cha ndegeni. Hakuna atakayekuuliza unafanya kazi gani au nani amekulipia. Anachotazama mhudumu wa mlangoni ni bodingi pasi, basi. Awe mwanao ndiye aliyelipa, au mwajiri, au umetumia maili (pointi za safari) ulizokusanya, haki ni ile ile.

Kabla hujalipa, isome nauli

Hapa ndipo watu wengi huumia, na kuumia kwenyewe hugundulika mlangoni, wakiwa wameshachoka. Si kila tiketi ya biashara ina launji. Emirates ina nauli ya biashara iitwayo Special, na Qatar Airways ina nauli iitwayo Business Lite. Zote mbili ni nafuu kuliko nyingine za daraja hilo, kiti ni kile kile, lakini launji haimo. Mtu anaona tofauti ya bei, anafurahi, hamuulizi wakala kwa nini. Muulize. Ukinunua mwenyewe mtandaoni, usibonyeze kulipa kabla hujafungua orodha ya vilivyomo kwenye nauli hiyo na kulikuta neno la launji limeandikwa. Nauli nafuu si mbaya. Kama mapumziko yako njiani ni saa moja na nusu, huenda launji huihitaji kabisa. Kama ni saa saba, na msafiri ni mzazi wako, ongeza pesa.

La pili ni tiketi zenye madaraja mchanganyiko. Tuseme unatoka Mwanza hadi Dar es Salaam daraja la kawaida, kisha Dar hadi Istanbul daraja la biashara. Mwanza huna haki ya launji, Dar unayo. Geuza sasa: Dar hadi Doha ni biashara, Doha hadi Manchester ni kawaida. Dar utaingia, Doha kwa kawaida utazuiwa, kwa sababu kinachotazamwa ni daraja la ndege unayokwenda kuipanda. Ile uliyoshuka haihesabiki. Kwa hiyo isome tiketi kipande kwa kipande.

La tatu, tazama ndege yenyewe ni ya nani. Tiketi inaweza kuwa na jina la shirika moja huku ndege ikirushwa na jingine. Mashirika yaliyo katika umoja mmoja hupokeana wageni: Kenya Airways na KLM wote wako SkyTeam, Ethiopian na Turkish wako Star Alliance, Qatar Airways yuko oneworld, na Oman Air naye alijiunga humo mwaka 2025. Emirates hayumo katika umoja wowote kati ya hiyo mitatu, kwa hiyo usitarajie tiketi yake ikufungulie launji ya shirika jingine, isipokuwa ile ambayo Emirates wenyewe wamekuelekeza.

Na la nne, ambalo huleta huzuni katika familia: tiketi ya biashara humwingiza mwenye tiketi peke yake. Baba akikaa mbele, mama na watoto wakikaa nyuma, mlango utamfungukia baba tu. Wanaoruhusiwa kuingia na mgeni mmoja ni wenye kadi za juu za uanachama, mfano Star Alliance Gold au SkyTeam Elite Plus. Baadhi ya launji huuza nafasi mlangoni kwa wanaofuatana nawe, nyingine haziuzi. Uamuzi huo ufanyike nyumbani. Kuagana na mkeo mbele ya kaunta ya mapokezi, watoto wakitazama, ni jambo baya.

Begi la mkononi lipangwe kwa ajili ya launji

Begi kubwa ukishalikabidhi hulioni tena hadi mwisho wa safari. Utakachotumia launji lazima kiwe mkononi: nguo moja ya kubadilisha, chupi na soksi safi, mswaki, dawa unazokunywa kila siku, chaja, na kanga au kikoi. Kanga usiidharau. Launji nyingi ni baridi kama duka la nyama, na blanketi si kila mahali lipo. Anayeswali aweke na mswala mwembamba.

Vimiminika viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ndani ya mfuko mmoja angavu wa lita moja. Mafuta ya nazi, asali, achari, hata samli, ukaguzi huvihesabu ni vimiminika. Vya kumpelekea mjukuu vikae kwenye begi kubwa.

Kuhusu umeme: Doha, Dubai na Muscat wana tundu la miguu mitatu bapa kama letu la Tanzania, Kenya na Uganda, hivyo chaja yako itaingia. Istanbul, Amsterdam na Addis Ababa ni miguu miwili ya duara, beba adapta. Na simu ichajiwe launji kweli kweli, isisubiri ndegeni ukitegemea pawabenki. Emirates, kwa mfano, tangu Oktoba 1, 2025 wanakuruhusu kubeba pawabenki moja lakini si kuitumia ndani ya ndege.

Kaunta ya chekini

Fika saa tatu kabla ya ndege. Pale Julius Nyerere, Dar es Salaam, ndege za kimataifa huondokea Jengo la Tatu, lililozinduliwa Agosti 2019. Ukishapita ukaguzi wa mlangoni, usijipange kwenye mstari mrefu. Tafuta kaunta yenye maandishi ya Business. Wapo wanaojipanga mstari mrefu kwa adabu tu, wakiona vibaya kuwapita wenzao. Mstari ule mfupi umewekwa kwa ajili yako, na ukiutumia, ule mrefu nao unapungua mtu mmoja.

Mbele ya kaunta, kabla hujachukua pasipoti yako na kuondoka, uliza mambo manne. Bodingi pasi zangu zote ziko hapa, hata ya ndege ya pili? Mzigo umeandikiwa hadi mwisho wa safari? Launji yangu hapa ni ipi, na natakiwa kubeba kadi ya mwaliko? Na kule ninakobadilisha ndege, launji ni ipi? Swali la tatu lina maana sana kwenye viwanja vyetu, kwa sababu mashirika mengi ya nje hayana launji zao wenyewe Dar, Zanzibar au Entebbe. Hutumia launji ya pamoja, na baadhi yake hudai kikaratasi cha mwaliko kinachotolewa hapo kaunta. Ukikisahau, unarudishwa, na ukishapita uhamiaji kurudi nyuma ni kazi.

Anayesukumwa kwa kiti cha magurudumu

Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu wazee wetu wengi husafiri hivi, na ndio wanaoikosa launji kuliko wote. Huduma ya kiti cha magurudumu haina malipo, nayo huombwa wakati wa kukata tiketi au angalau siku mbili kabla ya safari. Mhudumu atamsukuma mzee kutoka kaunta hadi ndegeni, na kwenye uwanja wa kubadilishia atapokelewa na mwingine. Tatizo ni kwamba huyo wa pili mara nyingi hutazama jina na namba ya ndege tu. Humpeleka mzee kwenye eneo la pamoja la wanaosubiri viti, akamwacha hapo hadi ndege inayofuata. Mzee anakaa kimya. Heshima na lugha vimemfunga.

Dawa yake ni kadi. Kwa kila mzee ninayemsafirisha naandika kadi ndogo kwa Kiingereza, mistari mitatu: jina lake na namba za ndege, kwamba ni abiria wa daraja la biashara na anaomba kupelekwa launji, na kwamba mhudumu arudi kumchukua launji saa moja na nusu kabla ya ndege. Naitia kwenye kishikio cha plastiki pamoja na bodingi pasi, avae shingoni. Akifika, anamwonyesha mhudumu kadi, hana haja ya kusema neno. Mapokezi ya launji nao huiona, wakawa wanajua saa ya kumwita. Yule mama wa Tanga alisafiri tena mwaka uliofuata, safari hii na kadi shingoni. Alinipigia kwa waifai ya launji, kavaa taulo kichwani, katoka kuoga.

Saa: zisome mara mbili

Sisi huhesabu saa kuanzia alfajiri, bodingi pasi huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ikiandikwa 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. Ikiandikwa 21:40 ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Kijana mwenye simu haoni shida, lakini mzazi aliyezoea kuangalia saa ya ukutani na kuisoma Kiswahili anaweza kuiona 2 na akasema nane, au kinyume chake. Mwandikie kwa maneno, nyuma ya kadi.

Hatari zaidi ni ndege za baada ya saa sita usiku. Ndege ya tarehe 16 saa 00:40 ina maana unafika uwanjani usiku wa tarehe 15, kama saa tatu na nusu. Nimeshuhudia watu wakija usiku wa tarehe 16, wameoga, wameagana na jamaa, na ndege ilishaondoka usiku uliotangulia.

Kisha kuna saa za nchi. Doha, Istanbul na Addis Ababa wana saa sawa na Dar, Nairobi na Kampala. (Addis watu wenyewe mitaani huhesabu saa kama sisi, kuanzia alfajiri, lakini skrini za uwanjani hufuata saa 24.) Istanbul ni sawa na sisi mwaka mzima, Dubai na Muscat wako mbele kwa saa moja. Saa hiyo moja ndiyo inayoacha watu. Simu uliyoiweka kwenye hali ya ndege hubaki na saa ya nyumbani. Ukilala launji Dubai na kutega kengele kwa saa ya Dar, utaamka saa nzima baadaye. Kitu cha kwanza ukishuka: ilinganishe simu na skrini ya uwanja.

Mlangoni

Ukishapita uhamiaji na ukaguzi, fuata vibao. Launji nyingi ziko ghorofa ya juu, tafuta lifti au ngazi za umeme karibu na maduka. Mlangoni utakuta kaunta na mhudumu mmoja au wawili, na wakati mwingine mashine tu ya kusoma bodingi pasi. Salimia, mpe bodingi pasi ya ndege unayokwenda kuipanda. Ile ya ndege uliyoshuka weka mfukoni, maana ukiitoa hiyo, mashine itaikataa na moyo utakupasuka bure. Mhudumu ataiskani, mashine italia mlio mmoja mfupi, atakurudishia na kukukaribisha. Kazi imekwisha. Hakuna kusaini na hakuna kulipa.

Ukikataliwa, usiondoke kimya na usigombe. Uliza sababu, moja tu. Sababu ni chache: umekosea launji (kuna ya daraja la kwanza na ya biashara, milango jirani), umefika mapema mno na launji ina kikomo cha saa, nauli yako haina launji, au imejaa. Ya kwanza utaelekezwa. Ya pili utaambiwa urudi saa ngapi, mara nyingi launji za pamoja huruhusu saa tatu kabla ya ndege. Ya tatu, fungua tiketi yako kwenye simu umwonyeshe. Kama kweli haimo, uliza bei ya kuingia kabla ya kukubali. Ya nne, omba jina lako liandikwe, au uulize launji nyingine inayokubali bodingi pasi hiyo. Kama una uhakika umeonewa, nenda dawati la shirika lako, lile la abiria wanaobadilisha ndege. Wao wana mamlaka ambayo mtu wa mlangoni hana.

Ndani: dakika kumi za mwanzo

Chakula kinanukia, najua. Kwanza tafuta skrini ya ndege na usome namba ya geti, au kama bado haijatoka. Tega kengele ya kuondokea. Chukua neno la siri la waifai. Kisha rudi mapokezi uulize bafu.

Bafu ndilo jambo ninalowasihi watu wasiliache. Ukitoka Dar na kukaa ndegeni saa tano au sita, na mbele bado una saa saba, maji ya moto yanakurudishia mwili wako. Launji kubwa za kubadilishia ndege zina vyumba vya kuogea: kila mtu na chumba chake chenye kufuli, choo, sinki, taulo, sabuni na kikausha nywele. Unaandikisha jina kwa mhudumu wa mabafu, anakuambia foleni ni ndefu kiasi gani, anakuita. Asubuhi na usiku, ndege nyingi zinapokutana, foleni huwa ndefu. Kwa hiyo andikisha kwanza, kula utakula ukisubiri kuitwa. Ukiingia, tundika pasipoti na bodingi pasi pale utakapoviona, usiviweke juu ya sinki. Ukitoka acha taulo sakafuni au kapuni, chumba husafishwa kila baada ya mtu.

Chakula kiko cha namna mbili: meza ya kujipakulia, na sehemu ya kuagiza ambako mhudumu anakuletea. Vyote ni bure ndani ya launji. Jipakulie kidogo, rudi tena, sahani mpya, hakuna anayehesabu. Kufunga chakula kwenda nacho hakuruhusiwi launji nyingi, ingawa tofaa au chupa ya maji mkononi haitakuletea shida. Qatar Airways na Emirates hutoa vyakula halali. Pombe ipo pia, kaunta yake imetengwa, nawe una hiari ya kukaa mbali. Nje ya nchi za Kiislamu uliza kabla ya kupakua, hasa soseji na supu. Mwenye sukari au presha ajue kwamba chakula kipo saa zote, asilazimike kula vitu vitamu kwa kuona haya ya kuacha.

Vyumba vya kuswalia, vya wanaume na vya wanawake, vipo Doha, Dubai na Istanbul, ndani ya launji au hatua chache nje yake, na udhu unatawadhia hapo hapo. Kwa anayefunga, Ghuba nzima wakati wa Ramadhani hujua saa ya futari, na tende hazikosi.

Kulala: tafuta kibao cha chumba cha utulivu. Kuna viti vya kujinyoosha, taa hafifu, hakuna maongezi. Vua viatu, jifunike kanga, begi lipitishe kamba mguuni au liweke chini ya miguu. Nafasi hizo huwahiwa. Zikiwa zimejaa, kochi la pembeni linatosha. Usimwachie mtu usiyemjua begi lako hata kwa dakika moja, launji ina wageni kama mahali pengine popote.

Adabu ni zile za sebule ya watu: simu ongea kwa sauti ya chini, video tazama kwa visikilizio, watoto wakae eneo lao la michezo nawe ukiwaona, na usipige picha zenye sura za watu. Mavazi, jisetiri na uwe nadhifu. Kanzu, dera, suti, shati na suruali, vyote vinaingia. Ndala za bafuni zibaki begini hadi zamu ya bafu.

Viwanja utakavyopitia

Doha, uwanja wa Hamad, tafuta dubu. Ni sanamu kubwa ya njano ya mita 7, dubu aliyekaa na taa kichwani, kazi ya Urs Fischer wa Uswisi, na kila njia ya ukumbi ule hutokea kwake. Kutoka hapo ngazi za umeme hukupandisha Al Mourjan, launji ya biashara ya Qatar Airways, yenye ukubwa wa takriban mita za mraba 10,000. Katikati kuna bwawa tulivu la maji, na ngazi inapanda hadi mgahawa wa juu. Ni kubwa kiasi kwamba watu hupoteana ndani. Mkiwa wawili, wekeaneni mahali pa kukutana. Kuna na Al Mourjan ya pili upande wa kaskazini, karibu na bustani ya miti ya ndani, nayo mara nyingi ni tulivu zaidi. Geti lako likiwa D au E, hii ya pili itakupunguzia mwendo.

Dubai, Emirates wana launji za biashara katika kumbi A, B na C za Jengo la Tatu. Ingia iliyo kwenye ukumbi wa geti lako, kwa sababu kati ya A na B unapanda treni. Kwenye ukumbi A baadhi ya abiria huingia ndegeni moja kwa moja kutoka launji, bila kushuka getini. Na uwanja huo hautangazi ndege kwa vipaza sauti. Usisubiri kuitwa jina, hakuna atakayeita.

Istanbul, Turkish wana makabati ya kufungia mabegi, basi fungia lako uzunguke mikono mitupu. Pide, mkate bapa wa Kituruki, huokwa mbele yako kwenye oveni, moto moto, na hiyo nisingeiacha. Addis Ababa launji ya biashara ya Ethiopian inaitwa Cloud Nine, buni hukaangwa na kahawa kumiminwa kutoka kwenye jebena, birika lao la udongo. Usiku huwa na msongamano, na safari nyingi za Addis hupeleka abiria kwa basi hadi ndegeni, hivyo ondoka mapema zaidi. Nairobi, Kenya Airways wana Simba na Pride katika Jengo 1A. Amsterdam kuna jambo la kuzingatia: anayetoka Dar kwenda London au Toronto hapiti uhamiaji wa Ulaya, launji yake ni KLM Crown Lounge 52. Anayekwenda Stockholm au Berlin hupita uhamiaji kwanza, kisha Crown Lounge 25. Ukipita uhamiaji kwa makosa, huna njia rahisi ya kurudi.

Kila unapobadilisha ndege tarajia kukaguliwa tena. Maji uliyochukua launji ya Dar yatatupwa huko.

Kutoka

Chukua muda ulioandikwa wa kuanza kupanda, usichukue wa kuruka. Toa dakika za kutembea hadi geti, kisha toa na kumi nyingine za tahadhari. Geti hufungwa dakika 15 hadi 20 kabla ya ndege kuruka, na daraja la biashara halikufungulii tena. Kwa Doha au Dubai, geti likiwa mbali, mimi huwaambia watu wainuke launji saa moja na robo kabla ya kuruka. Tazama skrini mara ya mwisho ukiwa umeshika begi, kwa sababu geti hubadilika ukiwa usingizini. Hesabu vitu vinne: pasipoti, bodingi pasi, simu, chaja. Chaja ndiyo inayosahaulika zaidi, imebaki ukutani nyuma ya kochi.

Getini kuna mstari wa biashara. Pita.

Ukifika mwisho wa safari, launji za kupokelea ni chache duniani, usizitegemee. Siku ya kurudi kila kitu kinaanza upya: kaunta, swali la launji, mwaliko. Na kama mzee anarudi peke yake kutoka Manchester au Toronto, ile kadi ya shingoni ichapishwe nyingine, namba za ndege zikiwa zimegeuzwa, atiliwe begini kabla hajaondoka nyumbani.